Wasomaji Wanauliza: Bocas del Toro, visiwa vyenye jina na bara lenye migomba

Ramani ya Panama tuliyoichapa toleo lililopita iliacha kona moja bila maelezo: pale juu kushoto, kwenye Bahari ya Karibi, mpakani mwa Costa Rica. Kona hiyo ni mkoa wa Bocas del Toro. Barua zilizofika zimezidi nafasi, kwa hiyo zile zilizouliza jambo moja tumezijibu kwa pamoja.

Kitabu kimoja kinasema Bocas del Toro ni funguvisiwa, kingine kinasema ni mkoa wa bara. Kipi ni sahihi? Na jina lina maana gani?
*Mwalimu wa jiografia, Lindi*

Vyote viwili, Mwalimu, na hapo ndipo wengi wanapopotea. Mkoa una takriban kilomita za mraba 4,600, na sensa ya mwaka 2023 ilihesabu watu wapatao 159,000. Makao makuu, mji wa Bocas, yako kisiwani Colón. Kisiwa chenyewe ni kidogo, kilomita za mraba 61 hivi. Mafia ingekimeza zaidi ya mara sita. Ukiongeza Bastimentos, Popa, Cristóbal, Cayo Agua, Solarte, Carenero na vidogo vyote, visiwa havifiki hata sehemu moja ya kumi ya ardhi ya mkoa. Kilichobaki ni bara: uwanda wa tope jeusi lililoletwa na mito Changuinola na Sixaola, na nyuma yake milima ya Talamanca, yenye vilele vinavyopita mita 3,000 ndani ya mkoa huuhuu.

Kwa hiyo anayesema "visiwa" anataja jina, makao makuu na watalii. Anayesema "bara" anataja ardhi, watu na mapato. Wilaya ni nne: Bocas del Toro, Changuinola, Chiriquí Grande na Almirante. Yenye watu wengi kuliko zote ni Changuinola, ambako mtalii hupita tu akielekea kwenye boti.

Kuhusu jina, kamusi ya Kihispania itakwambia *boca* ni mdomo. Kwa baharia ni kitu ambacho watu wa pwani yetu wanakijua kwa jina jingine: mlango, yaani upenyo wa chombo kupita kati ya kisiwa na kisiwa, au kisiwa na bara. *Toro* ni fahali. Sema basi Milango ya Fahali, na mwanafunzi akiitazama ramani ataielewa papo hapo, maana milango ataiona. Christopher Columbus aliingia kwa milango hiyo Oktoba 1502, katika safari yake ya nne. Cheo chake cha amiri kimebaki kwenye jina la ghuba na bandari ya Almirante. Carenero ni mahali pa kulaza chombo ubavu na kukikwangua, na Bastimentos ni masurufu ya safarini.

Nataka kwenda kuzamia. Mvua hukatika mwezi gani?
*Msomaji, Muscat*

Haikatiki. Upepo wa bahari unaigonga milima ya Talamanca na kumwaga maji mwaka mzima, milimita 3,000 na zaidi sehemu nyingi. Kuna vipindi viwili vya nafuu: Februari na Machi, halafu Septemba na Oktoba. Mkoa uko kusini ya njia ya vimbunga vya Karibi, jambo ambalo wenyeji wanalihesabu kama nusu ya utajiri wao. Vimbunga vinavyopita kaskazini huwafikia kama mawimbi na mvua tu.

Wazamiaji huchagua Septemba na Oktoba kwa sababu upepo hulala na maji huwa maangavu. Lakini utulivu huo una upande wa pili. Ghuba ya Almirante imefungwa na visiwa, maji yake hubadilishwa polepole, na mito huingiza mbolea, udongo na taka kutoka bara. Upepo usipoyakoroga maji, yale ya chini huishiwa hewa. Septemba 2010 matumbawe mengi yaliyokuwa chini ya mita kumi hivi ndani ya ghuba yalikufa kwa kukosa oksijeni, huku yale ya juu yakibaki hai. Mwaka 2017 hali hiyo ilirudi. Ukishuka ukaona viti vya pwani na viumbe wengine wa chini wamejazana juu ya mwamba kama watu waliokimbia mafuriko, na chini yao weupe mtupu, umefika kwenye mpaka wa hewa. Miezi hiyo zamia upande wa nje, unaotazama bahari kuu, na ndani ya ghuba usitegemee kuona mengi kwenye kina.

Kwa nini watu weusi wa Bocas wanaongea Kiingereza, na nchi ni ya Kihispania?
*Msomaji, Toronto*

Kwa sababu hawakuletwa na Wahispania. Mji wa Bocas ulianza mwaka 1826, wafanyabiashara waliozungumza Kiingereza walipohamia kutoka visiwa vya San Andrés na Providencia pamoja na watumwa wao. Biashara moja kubwa ya pwani ile ilikuwa kasa, hasa ng'amba, ambaye gamba lake lilikuwa na bei Ulaya kama lilivyokuwa na bei soko la Zanzibar. Baadaye wakaja Wajamaika na watu wa visiwa vingine. Wapo walioachwa bila kazi kampuni ya Kifaransa ya mfereji ilipofilisika mwaka 1889, na wapo walioajiriwa moja kwa moja kwenye migomba. Lugha yao inaitwa guari-guari: Kiingereza cha Karibi kilichonyonya Kihispania na maneno ya Kingäbere.

Wenyeji wa asili ni Wangäbe, Wabuglé, Wabribri na Wanaso, na Wangäbe ndio wanaobeba kazi nyingi za mashambani leo. Ukiwa na ramani ya kabla ya 1997, itupe. Mwaka huo Comarca Ngäbe-Buglé, eneo lenye utawala wake lenyewe, lilikatwa kutoka mikoa ya Bocas, Chiriquí na Veraguas, na kisiwa cha Escudo de Veraguas kikaenda nalo. Hicho ndicho kisiwa cha slothi kibete, mnyama wa mitini asiyepatikana mahali pengine popote duniani. Wanaso, ambao hadi leo wana mfalme, walipata comarca yao kwa sheria ya Desemba 2020.

Huu ugonjwa wa migomba wa Panama ulianzia huko kweli? Ulifanya nini hata ukapewa jina la nchi nzima? Nina ekari mbili za migomba.
*Mkulima, Muleba*

Haukuanzia huko. Ulielezwa kwanza Australia mwaka 1876. Panama iliupa jina kwa ukubwa wa hasara.

Miaka ya 1880 na 1890 ndugu watatu Wajerumani wa ukoo wa Snyder walijenga biashara ya kusafirisha ndizi kutoka Bocas. Mwaka 1899 ikaundwa United Fruit Company, kampuni ya ndizi ya Kimarekani, nayo ikaimeza biashara ile. Mdomo wa mto Changuinola una fungu la mchanga, meli haziingii, ndiyo maana ukachimbwa mfereji wa Soropta, kilomita 13 hivi, ili mashua zivute mikungu kutoka mtoni hadi kwenye ghuba tulivu. Baadaye reli ikafika bandari ya Almirante na mfereji ukabaki wa mitumbwi na nguva wa Karibi. Novemba 1903, siku chache baada ya Panama kujitenga na Colombia, Bocas ikawa mkoa, na uchumi wake wote ulikuwa ndizi moja tu: Gros Michel, ile wanayoiita bogoya Uganda.

Hapo ndipo penye funzo la kilimo. Mgomba haupandwi kwa mbegu, hupandwa kwa chipukizi, na chipukizi hubeba udongo na kuvu ya shina mama. Kila shamba jipya lilipandwa kwa machipukizi ya shamba la zamani, mitaro ileile ikapitisha maji kutoka shamba hadi shamba, na mimea yote ilikuwa pacha. Kuvu iitwayo Fusarium huingia kwa mizizi, hupanda kwenye mishipa ya maji na kuiziba. Mgomba hufa kwa kiu huku umesimama kwenye tope. Katika miaka ya 1910 na 1920 mashamba ya Bocas yaliangushwa moja baada ya jingine, na mwishoni mwa miaka ya 1920 kampuni ilihamishia nguvu zake Puerto Armuelles, pwani ya Pasifiki. Dawa ya kupulizia haikusaidia, na hadi leo hakuna inayoponya. Kwingine Amerika ya Kati walizamisha mashamba kwa maji miezi kadhaa ili kuinyima kuvu hewa. Ilipungua, kisha ikarudi, kwa kuwa mbegu zake za kulala hukaa ardhini miaka mingi bila mgomba.

Sasa shamba lako. Mnyauko huu unafanana kwa mbali na mnyauko bakteria ulioingia Kagera, na watu huchanganya. Tofautisha hivi. Wa Panama huanza kwenye majani ya zamani: njano kutoka ukingoni, kisha majani yanavunjika kwenye kikonyo na kuning'inia kama sketi, na shina hupasuka karibu na ardhi. Kata tunguu: utaona nyuzi za kahawia nyekundu, hakuna usaha. Mnyauko bakteria hutoa usaha wa njano hafifu ukikata shina, ndizi huiva kabla ya wakati, na ndani zina uozo wa kahawia. Ndizi za kupika za nyanda zetu huhimili aina ya kwanza ya kuvu ile, ndiyo iliyoua mashamba ya Bocas. Zinazougua ni bogoya na zile tamu ndogo za kisukari.

Ukiwa na shina lenye dalili za kuvu, usiling'oe na kulikokota shambani, maana kila punje ya udongo inayodondoka ni mbegu ya ugonjwa. Zungushia kamba mita kadhaa, zuia watu na mifugo, na umwite afisa ugani. Jembe na buti visuguliwe kwa maji na sabuni kwanza, ndipo vitiwe dawa ya kuua vijidudu. Wengi hufanya kinyume, wakichovya buti lenye tope kwenye ndoo ya dawa. Tope huimaliza nguvu dawa na ndoo ikawa supu ya kuvu. Machipukizi ya kupanda yachukuliwe kwenye miche ya maabara, au kwa jirani ambaye shamba lake umelikagua mwenyewe.

Bocas ilirudi kwenye ndizi kati ya mwisho wa miaka ya 1950 na miaka ya 1960 kwa kupanda jamii ya Cavendish, inayohimili aina ya kwanza. Kuvu nayo ina aina nyingine, TR4, inayoiua Cavendish. Ilithibitishwa Msumbiji mwaka 2013 na Colombia, jirani wa Panama, mwaka 2019. Panama wanavyoosha magurudumu ya magari siku hizi si urembo.

Ndizi ya Changuinola inafikaje Ulaya ikiwa kijani, wakati yetu inaiva njiani kabla haijafika Dar?
*Kikundi cha wakulima, Rungwe*

Jibu fupi ni umri na ubaridi. Refu ni hili.

Kila shina huachiwa ukoo wa watu watatu: mama anayezaa, mtoto, na mjukuu. Machipukizi mengine hukatwa. Mkungu ukitoka, hufungwa utepe wa rangi ya wiki ile. Wiki hii buluu, ijayo nyekundu, ijayo nyeupe. Kwa hiyo mvunaji hahitaji kukisia. Anatafuta rangi iliyofikisha wiki 11 hadi 13. Ua dume huondolewa, chane za mwisho zisizo na maana hukatwa ili zilizobaki zinenepe, mkungu huvishwa mfuko wa plastiki kuzuia wadudu na mikwaruzo, na mgomba hufungwa kwa kamba kwenye migomba jirani usianguke. Juu ya yote hayo kuna mitaro. Mizizi ya mgomba iko juujuu, na maji yakituama siku chache mizizi inaoza. Katika mvua ile ya Bocas, meneja asiyezibua mitaro ameshaacha kulima.

Adui wa kila wiki si ugonjwa wa Panama bali sigatoka nyeusi, madoa yanayokausha majani. Mgomba unaobaki na majani machache hutoa ndizi zinazoiva zenyewe kabla ya wakati, hata ndani ya meli. Ndege za kupulizia dawa hupita mara kwa mara mwaka mzima, na hiyo ni gharama kubwa inayomtenganisha mkulima wa kampuni na mkulima mdogo. Pia ni chanzo kimoja cha kemikali zinazoishia kwenye ghuba tuliyoitaja juu.

Siku ya kuvuna wanaenda wawili. Mmoja hukata shina nusu ili lipinde taratibu. Mwingine huupokea mkungu begani juu ya mto wa sponji. Mkungu hauwekwi chini hata mara moja. Unatundikwa kwenye kapi linaloteleza juu ya waya mnene uliokatiza shamba, na mikungu ishirini na kitu huvutwa pamoja kama behewa hadi kwenye banda la kupakia. Huko huvuliwa mfuko, chane hukatwa kwa kisu kilichopinda, na kutumbukizwa kwenye hodhi la maji ili utomvu utoke. Utomvu ukikaukia kwenye ganda huacha doa jeusi na boksi zima hukataliwa. Chane hugawanywa vifungu vya ndizi chache chache, hupimwa, sehemu ya mkato hupakwa dawa ya kuvu, kisha boksi. Boksi la kawaida la biashara hii ni kilo 18.14, na humo hutiwa nyongeza kidogo kufidia maji yatakayopotea njiani. Kontena moja la ubaridi la futi 40 hubeba maboksi 1,080, yaani karibu tani 20 za ndizi.

Ubaridi ni nyuzi 13 hadi 14 za Selsiasi, na unapaswa kuanza ndani ya siku moja tangu kukata. Chini ya 13 ganda hugeuka kijivu na ndizi haiivi vizuri tena. Juu ya hapo huamka. Ndizi moja inayoiva hutoa gesi ya ethilini inayoziamsha nyingine, ndiyo maana boksi moja bovu huharibu kontena. Huko inakopokelewa, gesi hiyohiyo ndiyo hutumika kuivisha kwa makusudi kwenye vyumba maalumu.

Kwa Rungwe: kontena si la kuanza nalo. Anzeni na tepe za rangi, mto begani, na kivuli. Lori lenye turubai jeusi mchana ni tanuri, na mikungu iliyorundikwa juu ya mikungu huivishana. Safirini usiku, chane zikiwa kwenye kreti, zimekatwa wiki moja mapema kuliko mnavyozoea.

Nilisoma kwamba kampuni ya ndizi iliwafukuza maelfu ya watu huko. Ilikuwaje?
*Msomaji, Nairobi*

Machi 2025 Panama ilipitisha sheria namba 462 ya mafao ya jamii. Wafanyakazi wa ndizi waliamini inawanyang'anya nafuu waliyopewa na sheria yao ya mwaka 2017, wakagoma kuanzia mwisho wa Aprili na kufunga barabara. Mahakama ikaita mgomo huo haramu. Mwezi Mei, Chiquita, mrithi wa United Fruit, ikawaachisha kazi takriban watu 5,000, na idadi ikaendelea kupanda. Kampuni ilitaja hasara ya zaidi ya dola milioni 75. Juni serikali ilitangaza hali ya hatari mkoani. Mwisho wa Agosti 2025 serikali na kampuni zikatangaza makubaliano ya kurejea, wakianza na kuajiri watu 3,000.

Ukiangalia kwa jicho la mahesabu, mgomba hausubiri mazungumzo. Wiki tatu bila kuvuna, mikungu ya rangi tatu za utepe imeiva shambani. Wiki tatu bila dawa, sigatoka imeshika majani ya mikungu itakayovunwa miezi miwili mbele. Ndiyo maana pande zote mbili hupigana kwa haraka, na ndiyo maana duka la vifaa, boti na hata nyumba ya wageni kisiwani hutikisika. Mkoa wenye mwajiri mmoja mkubwa hauna pa kuegemea. Ushirika wa Coobana wa Changuinola, unaouza ndizi za biashara ya haki, upo, lakini ni mdogo mno kujaza pengo hilo.

Sisi Kyela tunalima kakao. Tumesikia Bocas nao wanalima, na kwamba wana ugonjwa ambao sisi hatuna.
*Msomaji, Kyela*

Ni kweli, na ombeni msiupate. Kakao ya Bocas iliingia kwenye mashamba ambayo migomba ilikufa. Kuvu ya ndizi haiugusi mkakao. Kwa miaka mingi sasa ni zao la Wangäbe na familia ndogo, chini ya miti ya kivuli na matunda, na ushirika wao wa Cocabo ulianzishwa mwaka 1952.

Ugonjwa ni monilia. Ulifika Costa Rica mwaka 1978 na haukuchukua muda kuvuka mto Sixaola. Wakulima wengi walitelekeza mashamba. Tunda changa huvimba kama lenye nundu, au huonyesha uivaji wa uongo. Kisha hutokea doa la kahawia, na siku chache baadaye unga mweupe kama wa ngano unaogeuka rangi ya malai. Unga huo ni mabilioni ya mbegu za kuvu, na upepo mdogo unautawanya.

Dawa ya Bocas ni miguu na panga. Shamba hupitiwa kila wiki bila kuruka, na kila tunda lenye dalili hukatwa *kabla* ya unga kutokea. Wiki mbili ni nyingi. Ukirudi unga umeshatoka. Likatwe asubuhi likiwa na umande, liachwe palepale chini na kufunikwa majani, lisibebwe kupita shambani. Mti hupunguzwa ubaki mita 3 au 4, maana tunda usilolifikia ndilo litakaloambukiza mengine. Mti mrefu wa mzee aliyekataa kuukata huwa ndio chanzo cha ugomvi wa majirani.

Monilia haijafika Afrika. Mtu akiwaletea tunda la kakao au mbegu mbichi kutoka Amerika kama zawadi, ikataeni na kumwarifu afisa wa karantini ya mimea.

Kuvundika kwao ni kama kwenu: masanduku ya mbao, siku 5 hadi 7, kugeuza baada ya saa 48 na kila siku baadaye, joto likipanda hadi nyuzi 45 au 50. Shida yao ni kuanika, kwa mvua ile. Kilo 100 mbichi hutoa takriban 40 kavu, na unyevu lazima ushuke hadi asilimia 7. Ikibaki 8 na zaidi, ukungu huota guniani. Wenye vikaushio vya kuni hupoteza bei bomba la moshi likivuja: kakao hunuka moshi, na harufu hiyo haitoki tena hadi kwenye chokoleti.

Ni kweli Panama ililima katani wakati wa Vita vya Pili vya Dunia?
*Msomaji, Tanga*

Si katani. Ni abaka, nduguye mgomba, anayetoa nyuzi za kamba za meli. United Fruit ilishaanza kuupanda Bocas tangu miaka ya 1920. Japani ilipoiteka Ufilipino mwaka 1942 Marekani ilikosa kamba, ikaupanua haraka Amerika ya Kati. Pengo hilohilo la Ufilipino ndilo lililoifanya katani ya Tanganyika iwindwe na Waingereza. Vita vilipoisha abaka ya Bocas ikanyauka kibiashara; katani ikawa na miaka yake kadhaa ya neema.

Mpaka na Costa Rica uliwahi kupiganiwa?
*Msomaji, Bujumbura*

Ndiyo, mwaka 1921, katika vita vifupi vinavyoitwa vya Coto. Vilianzia upande wa Pasifiki, kisha jeshi la Costa Rica likavuka Sixaola na kushika Guabito, Changuinola, Almirante na mji wa Bocas. Marekani ikaingilia, Costa Rica ikaondoka Bocas, na Panama ikaiacha Coto. Mkataba wa mwaka 1941 ndio ulioweka mpaka wa leo. Kilichoubomoa mpaka huo kwa siku kadhaa baadaye hakikuwa jeshi: tarehe 22 Aprili 1991 tetemeko la takriban 7.6 lilivunja madaraja pande zote mbili. Limón ya Costa Rica iliinuka kutoka baharini hadi miamba ikaachwa juu kavu, na sehemu za pwani ya Bocas zikadidimia.

Huku Lamu tulikuwa na jabia za kukusanya mvua. Nimeona watu wa Colón wakipanga ndoo. Kisiwa chenye mvua vile kinakosaje maji?
*Msomaji, Lamu*

Kwa sababu mvua si maji mpaka uwe na pa kuiweka. Colón haina mto wa maana, bwawa la mji ni dogo, na nyumba za wageni zimeongezeka haraka tangu miaka ya 1990. Wiki chache za ukame zinatosha kulikausha. Bomba kubwa la mafuta linalokatiza nchi, kilomita 131 kutoka Chiriquí Grande hadi Pasifiki, lilijengwa likamalizika mwaka 1982. La maji kutoka bara hadi kisiwani halikufuata.

Hesabu ya nyumba moja ni hii. Milimita 1 ya mvua kwenye mita 1 ya mraba ya paa ni lita 1. Paa la mita 6 kwa 10, kwa mvua ya milimita 3,000 kwa mwaka, hupokea lita 180,000. Toa sehemu ya tano inayoruka na kupotea, zinabaki 144,000, karibu lita 390 kwa siku. Familia ya watu watano wanaotumia lita 60 kila mmoja inahitaji 300. Kwa mwaka yanatosha na kubaki. Tatizo ni siku za kungoja: wiki tatu bila mvua ni lita 6,300, na tangi wanaloweka wengi ni la 1,000 au 2,000, linalojaa kwa mvua ya usiku mmoja na kumwaga yote yanayofuata. Tangi liwe la lita 7,000, au manne ya 2,000 yaliyounganishwa chini. Lita 30 hadi 60 za kwanza za kila mvua zimwagwe, kwa sababu ndizo zinazoosha kinyesi cha ndege na popo. Na kila upenyo ufungwe wavu, hata ule mdogo wa bomba la kufurikia. Mbu wa Bocas anautafuta kwa bidii kuliko mwenye nyumba.